Injini Haijaguswa

Msikilizaji wangu, na hasa wewe unayenisikiliza ukiwa umekwama kwenye foleni, kioo umekishusha nusu na mguu uko kwenye breki. Ya leo yanakuhusu.

Kuna maneno mawili ambayo kila aliyewahi kutafuta gari la mkononi ameyasikia. Dalali huyasema huku akilipiga boneti kofi, kama mtu anayesifia ng'ombe mnadani. Kwenye matangazo huja mwishoni, baada ya "namba D", baada ya "AC ya kuganda", baada ya "haidaiwi", na kabla tu ya "bei maongezi". Maneno yenyewe ni haya: injini haijaguswa.

Mimi niliyaamini. Gari lilikuwa Toyota IST ya mwaka 2004, injini ya lita moja na nusu, rangi ya fedha, tairi nzuri. Dashibodi ilisoma kilomita 94,000. Nikapiga hesabu haraka kichwani: umri wote huo na kilomita bado hazijafika laki moja, basi gari hili lilikuwa likipumzishwa. Nikalipa.

Wiki ya pili nikiwa ninaliosha mwenyewe nyumbani, niliona kwenye nguzo ya mlango wa dereva kijikaratasi cha kunata kimefifia, maandishi ya Kijapani, na tarakimu zimeandikwa kwa kalamu. Wengi tunavibandua vijikaratasi hivi tukidhani ni mapambo. Usibandue. Ndivyo wenye gereji za kule wanavyoandika oili imebadilishwa lini na gari likiwa na kilomita ngapi. Changu kilianza na 23. Hiyo si tarehe. Wajapani huhesabu miaka kwa enzi za wafalme wao, na enzi ya Heisei ilianza 1989, kwa hiyo mwaka wake wa 23 ni 2011. Mbele yake paliandikwa kilomita 113,200.

Hebu rudi nami hapo. Mwaka 2011, huko Japani, gari lilikuwa na kilomita 113,200. Nimekuja kulinunua mimi, miaka mingi baadaye, baada ya kupita mikononi mwa watu wawili hapa nchini, lina 94,000. Gari langu lilikuwa linatembea kinyumenyume.

Nani aliirudisha nyuma dashibodi, sijui na sitamtafuta. Nilichokwenda kutafuta ni fundi.

Fundi ninayemwendea ni mtu mzima, gereji yake iko chini ya mwarobaini upande wa Temeke, na hana haraka na gari la mtu. "Shikamoo fundi." "Marahaba, mwanangu. Umenunua?" Kabla sijajibu alishafungua boneti, akazungusha kifuniko cha kujazia oili, akakigeuza na kunionyesha upande wa ndani. Palikuwa na kitu cheusi, kizito, kinang'aa, kimeganda kwenye kingo. Akakichota kwa kidole, akakisugua kati ya vidole viwili. Hakikuteleza kama oili. Kilivutika.

"Hii unaweza kuzibia paa linalovuja," akasema.

Kijana wake aliyekuwa pembeni akaja na dawa tayari mdomoni: "Kaka, hapo tunaweka mafuta ya taa nusu lita juu ya oili ileile, tunaiacha iungurume dakika kumi, tunamwaga. Inatoka mpya." Mzee hakumjibu. Alinigeukia mimi akauliza: "Yule jirani yako wa Rav4, gari lake limepona?"

Halikupona. Na ya jirani yangu lazima niyasimulie, maana ndiyo yaliyonifanya nikae kwenye benchi siku ile badala ya kukubali dakika kumi.

Jirani alikuwa na ukoko kama wangu. Akaenda gereji moja, sitaitaja, wakamfanyia hiyohiyo ya mafuta ya taa. Ilimwagika nyeusi kama lami, kila mtu akafurahi, wakaweka oili mpya na filta mpya. Injini ikawa inanguruma kwa upole, akanipigia simu kuisifia. Siku ya tatu, akipanda kuelekea Kimara, taa ya oili ikawaka, ile nyekundu yenye umbo la birika. Akajiambia ni waya, maana oili aliiweka juzi tu, na kweli kijiti kilionyesha imejaa. Akaendelea. Injini ikaanza kugonga, kwanza kama mtu anayebisha hodi kwa adabu, halafu kama anayedai kodi ya nyumba. Akalivuta gari mpaka nyumbani kwa kamba.

Oili ilikuwamo, tena mpya. Ilishindwa kupanda.

Hapa nieleze kidogo jinsi mambo yalivyo huko chini, kwa sababu wengi tunafikiri filta ndiyo mlinzi wa kila kitu. Chini kabisa ya injini kuna karai linaloitwa sampu, ndimo oili inamokaa. Ndani ya sampu kuna bomba la kufyonzea, na mdomoni mwa bomba hilo kuna wavu mdogo wa chuma, mafundi huuita streina. Pampu hufyonza oili kupitia wavu huo, ndipo huisukuma kwenye filta, na kutoka hapo hupanda kwenye krenki, kwenye kamshafti na kwenye ringi. Kwa hiyo wavu uko kabla ya pampu na kabla ya filta. Chochote kinachobanduka juu na kuanguka kwenye sampu hukutana na wavu kwanza. Ukiubandua ukoko wa miaka kumi kwa dakika kumi, hauyeyuki wote. Sehemu inayeyuka, inayobaki inatoka vipandevipande, na vipande hivyo vinakwenda kujipanga pale wavuni kimoja kimoja mpaka pampu inafyonza hewa. Krenki ikikosa oili, dakika chache tu zinatosha kuiua.

Tena mafuta ya taa yenyewe hayalainishi kama oili. Kwa dakika hizo kumi yanaipunguza oili uzito, chuma kinasugua chuma, na hata ukimwaga, mengine hubaki kwenye mikondo ya ndani na kuchanganyika na oili mpya uliyoilipia.

Mama yeyote anayenisikiliza analijua jambo hili kuliko mafundi wengi. Sufuria la wali likishika ukoko, hulichokori kwa kisu. Unatia maji, unaliacha, unarudi baadaye.

Sasa ukoko wenyewe unatoka wapi? Oili ya gari si mafuta matupu. Ndani yake wametia dawa za kusafisha, na dawa nyingine za kuushika uchafu uelee usitue. Dawa hizo hutumika zikaisha, kama sabuni kwenye beseni la nguo. Zikiisha na oili bado imo, masizi yanayopenya kutoka kwenye moto wa juu, mvuke wa maji, na petroli isiyoungua vinaanza kutua. Joto nalo linaichoma oili yenyewe. Mwanzo unapata utando wa rangi ya chai ya rangi. Huo bado haujawa msiba. Ukiendelea unapata tope. Tope likipikwa siku baada ya siku ndipo linakuwa ule ukoko wa kuzibia paa.

Na hapa nataka kumzungumzia kidogo yule mama wa Kijapani. Unamjua, kila dalali anaye: "Gari hili lilikuwa la mama mmoja Japani, akienda nalo sokoni tu." Tunaambiwa hivyo ili tufurahi. Lakini kwenda sokoni tu ndiyo safari mbaya kuliko zote kwa oili. Injini inawashwa, kabla haijapata moto sawasawa inazimwa. Maji na petroli vilivyoingia kwenye oili havipati joto la kuvikausha. Kesho tena, na keshokutwa tena, na hapo kumbuka kule kuna baridi ya theluji. Na ukaguzi wao wa lazima, ambao gari jipya hufanyiwa baada ya miaka mitatu kisha kila miaka miwili, unatazama breki, taa, moshi, usukani. Oili haiwahusu. Mtu anaweza kufaulu ukaguzi wa serikali ya Japani huku oili yake ina miaka miwili. Kwa hiyo kilomita chache kwenye gari la zamani, hata zikiwa za kweli, kwangu mimi si sifa mpaka nitazame chini ya kifuniko.

Kitabu cha Toyota cha kule Japani kinasema, kwa gari la petroli lisilo na turbo, oili ibadilishwe kila kilomita 15,000 au mwaka mmoja. Nimewahi kusikia watu wakilitumia hilo kama ushahidi kwamba mafundi wetu wanatuibia wanapotaka 5,000. Watu hao hawakufika mstari unaofuata: kwenye matumizi magumu, nusu yake, 7,500 au miezi sita. Matumizi magumu ni nini? Barabara za vumbi, milima, safari fupifupi za kurudiarudia, na kutembea taratibu au kusimama injini ikiwaka kwa muda mrefu. Hiyo orodha ni barabara ya Mbagala saa kumi na mbili jioni.

Tupige hesabu ndogo, wewe uliye kwenye foleni unao muda. Ukitembea kwa wastani wa kilomita 10 kwa saa, kilomita 3,000 zinakula saa 300 za injini kuwaka. Mwenzako wa barabara kuu anayekwenda 60, kwa saa hizohizo 300 ametembea kilomita 18,000. Dashibodi inakuhesabia kilomita. Oili inahesabu saa. Ndiyo maana mimi kwa Dar es Salaam sibishani tena na fundi anayesema 3,000.

Halafu kuna kosa letu wenyewe, na hili linaniudhi. Tamostati. Ni kidude kidogo kinachoyazuia maji ya rejeta yasizunguke mpaka injini ipate joto lake, nyuzi 80 na kitu. Mafundi wetu wanakitoa na kukitupa, wanakuambia "huku kwetu joto, hii ni ya nchi za baridi." Tangu lini joto la hewa la nyuzi 32 likawa sawa na nyuzi 82 za injini? Ukiitoa, injini inachelewa kupata moto, na kule Njombe au Mbeya asubuhi inaweza isiupate kabisa. Kompyuta ya gari inadhani bado ni alfajiri, inaongeza petroli. Petroli inashuka kwenye oili, maji hayakauki, na tope linazaliwa. Gari langu halikuwa na tamostati. Fundi alilishika bomba la juu la rejeta baada ya dakika kadhaa, akacheka tu.

Nisije nikaonekana kana kwamba namtupia mwenye gari lawama zote. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Toyota wenyewe waliingia kwenye sakata la tope huko Marekani. Injini zao za 1MZ za silinda sita na 5S za silinda nne, kwenye magari ya 1997 hadi 2002, zilikuwa zikiganda tope kabla ya wakati. Kampuni ilisema watu hawabadilishi oili. Wamiliki wakatoa risiti zao. Mwaka 2002 Toyota ikakubali mpango maalumu wa matengenezo uliohusu magari takriban milioni 3.3. Hiyo 1MZ ya lita 3 ndiyo iliyo kwenye Harrier za mwanzo, zile zilizoitangulia ile ambayo mtaani tunaiita, mniwie radhi, tako la nyani. Kama unayo, kwako kuchelewesha oili ni hatari mara mbili.

Turudi chini ya mwarobaini. Mzee hakutia dawa yoyote. Alisema kwanza tuone. Akamwaga oili ya zamani, akafungua sampu. Kwenye injini hii sampu ya chini ni ndogo, imeshikwa na bolti na kubandikwa kwa silikoni, haihitaji kushusha injini. Ilipodondoka alinishikisha tochi. Chini ya karai kulikuwa na matandiko meusi kama kidole kimoja kimelala. Akafungua bomba la streina, akaligeuza kwenye mwanga.

Zaidi ya nusu ya wavu ilikuwa imezibwa. Vipande vyeusi vigumu, vidogo kama mbegu za papai zilizokaushwa. Na katikati yake, vimejisokota kama tambi, nyuzi za silikoni. Nyekundu.

Mzee akachomoa uzi mmoja kwa koleo. "Sampu ikitoka kiwandani inabandikwa kwa nyeusi," akasema. "Hii nyekundu ni ya dukani kwetu. Huyu aliyekuambia haijaguswa, mwambie kuna mtu aliigusa, tena akabandika kwa mkono mzito, silikoni ikamwagikia ndani."

Nilikaa nikitazama ule uzi mwekundu. Kama tungeweka mafuta ya taa asubuhi ile, nusu iliyobaki ya wavu ingezibwa kabla sijafika Buguruni.

Sampu ilisuguliwa, wavu ukaoshwa kwa petroli na brashi mpaka ukaonekana kila tundu. Akafungua pia kichujio kingine ambacho, nakiri, sikujua kama kipo: kidogo kuliko ncha ya kidole, kimejificha nyuma ya bolti moja ubavuni mwa injini. Kazi yake ni kuchuja oili inayokwenda kwenye mtambo wa VVT-i, ule unaobadilisha majira ya valvu. Kikiziba, gari linakuwa zito, linakula mafuta, taa ya injini inawaka, na watu wanabadilisha sensa tatu bure. Akachomoa na valvu ya PCV, ile inayopumulia uchafu wa ndani ya injini, akaitikisa sikioni kwangu kama mtu anayepima yai viza. Ikiwa nzima unasikia kitu kikichezacheza ndani. Yangu ilikuwa kimya. Ni kifaa cha bei ndogo kuliko kuosha gari mara chache, na kikiziba injini inashindwa kutoa mvuke wake, unarudi humo ndani kupika tope.

Baada ya hapo ndipo usafi wenyewe, na usafi wenyewe ni oili. Oili nzuri ya 5W-30 inayotakiwa na injini ile, si ile nzito ya 20W-50 ambayo watu huiweka kuficha kelele. Lita 3.7 pamoja na filta, galoni moja la lita nne linabakiza kidogo cha kuongezea. Kilomita 1,000, tukamwaga, filta mpya. Kilomita 1,500, tukamwaga, filta mpya. Kisha 2,000. Zile dawa za kusafisha zilizomo ndani ya oili zinaula ukoko kidogo kidogo, unashuka ukiwa unga badala ya vipande, na filta inaukamata. Mara ya pili mzee alishusha tena sampu kutazama wavu. Kulikuwa na mbegu tatu za papai. Tatu tu.

Ni gharama? Ndiyo, galoni tatu na filta tatu ndani ya miezi michache si kitu kidogo kwa mtu wa mshahara. Nimezipima na bei ya injini nyingine Gerezani, nikanyamaza.

Mtaniuliza kuhusu zile chupa za kusafishia injini zinazouzwa kihalali, unaweka kwenye oili, unaacha injini dakika kumi au kumi na tano bila kuendesha, unamwaga. Sizitukani. Kwenye injini yenye utando wa rangi ya chai, ambayo historia yake unaijua, zinafanya kazi. Kwenye injini usiyoijua, kabla hujaona wavu, ni mafuta ya taa yaliyovaa suti. Ukizitaka, shusha sampu kwanza.

Na ujiandae kwa jambo moja. Baada ya usafi, injini inaweza kuanza kuvuja mahali ambapo haikuvuja. Yangu ilianza kwenye gasketi ya kava ya juu. Watu husema "oili mpya imeharibu sili." Sili ilikuwa imekufa zamani, uchafu ndio uliokuwa ukiziba tundu. Badilisha gasketi, maisha yaendelee.

Upande wa juu nitapita haraka. Throtobodi, pale hewa inapoingilia, hushika masizi, na dalili yake ni injini kutetemeka gari likisimama kwenye taa. Inasafishwa kwa dawa yake ya kupuliza na kitambaa laini, isikwaruzwe. Nozeli na valvu za kuingizia husaidiwa na chupa za kutia kwenye tangi; tafuta yenye herufi PEA, nyingine nyingi ni manukato. Lakini kama gari lako limeandikwa D-4, kama zile Premio na Noah za lita mbili, chupa ya kwenye tangi haitazifikia valvu za kuingizia. Injini hizo zinapulizia petroli moja kwa moja ndani ya silinda, petroli haizioshi valvu njiani, na masizi hukaa mgongoni mwa valvu kama masizi ya kuni kwenye chungu. Hapo ni kufungua manifoldi na kusugua kwa mkono. Na usinunue mafuta ya vidumu vya pembeni. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ilianza kutia vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010 kwa sababu ya uchakachuaji, na petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa huchafua injini upande wa juu huku wewe ukihangaika na upande wa chini.

Ringi zilizoganda ni habari nyingine. Gari linakula oili, moshi wa bluu asubuhi. Injini za 1ZZ za kabla ya 2005, na baadhi ya 2AZ za lita 2.4 zilizofuata, zinajulikana kwa hilo; njia za oili nyuma ya ringi zinaziba masizi. Mafundi hutoa plagi, humimina dawa juu ya pistoni, huacha ilale usiku kucha, asubuhi huzungusha injini plagi zikiwa nje ili dawa iruke, kisha humwaga oili yote. Nimeona imesaidia gari moja na haikusaidia jingine. Na kama injini imeshaanza kugonga, usiisafishe. Hela hiyo itunze.

Kabla sijaaga, msikilizaji mmoja wa Morogoro aliniandikia wiki jana akilalamika kwamba ameweka oili mpya na baada ya siku tano imekuwa nyeusi, anataka kurudi dukani kugombana. Ndugu yangu, usigombane. Kwenye injini chafu, oili inayokuwa nyeusi haraka inachukua uchafu. Imwage mapema, weka nyingine. Ambayo ingenitia wasiwasi mimi ni ile inayobaki na rangi ya asali humo ndani.

IST yangu sasa iko kwenye oili ya nne. Tamostati ipo. Kifuniko ukikigeuza unaona chuma, chenye rangi ya chai. Bado inapunguza oili, karibu robo lita kwa kilomita 2,000, na mzee ameniambia nisitegemee zaidi ya hapo.

Jirani yangu naye amepata injini nyingine, imefungwa Jumatatu. Nilipomuuliza ina historia gani, alinijibu kwa furaha kwamba imetoka Japani moja kwa moja, na aliyemuuzia amemwapia kabisa kuwa haijaguswa. Jumamosi tunaipeleka chini ya mwarobaini ishushwe sampu.